Mama Pundamilia na Mstari wa Katikati

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya utumishi, Mama Pundamilia anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa tisa na nusu alasiri. Saa hiyo imetajwa kwenye barua ya ofisi ya utumishi. Kwa jinsi tunavyomjua, saa tisa na dakika ishirini na tisa atakuwa bado mezani kwake, na keki itabidi imsubiri.

Mwandishi wa wasifu huu ni mchoraji wa meza ya pili katika chumba cha kompyuta, nyuma ya karakana. Katibu muhtasi wetu alinichagua kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna aliyekaa karibu na mstaafu kuliko mimi. Ni kweli. Kati ya meza yake na yangu kuna mita moja na nusu na ndoo ya kukingia maji ya kiyoyozi. Aliniagiza kurasa chache zenye uchangamfu, na nimejitahidi, ila wenzangu mnanijua. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango wa nyumbani hurudi mara mbili kuutikisa. Na wiki mbili hizi zimekuwa mbaya kuliko kawaida, kwa sababu ambayo itabidi niieleze humu humu, kwa agizo la mstaafu mwenyewe. Nitaifikia. Kwanza tumtendee haki.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na minne, akapangiwa kupiga msasa. Karakana yetu ilitengeneza kalibu, kama inavyotengeneza leo: yale madonge ya chuma yaliyochongwa tundu ndani, plastiki ya moto ikisukumwa humo inatoka ndoo, kiti au kifuniko. Tofauti ni kwamba siku hizo umbo lilichongwa kwanza kwa mbao, kwa mkono. Fundi seremala mkuu alichonga, yeye akasugua. Fundi huyo hakuwa mtu wa kusifu. Alimfundisha jambo moja tu kwa mwaka mzima, nalo ni kufumba macho na kupitisha kiganja juu ya mbao polepole, kwa maelezo kwamba jicho lina adabu na kiganja hakina. Mpaka leo Mama Pundamilia hapiti karibu na kitu chenye mpindo bila kukishika. Tumemwona akipapasa boneti ya gari la mgeni rasmi wakati hotuba inaendelea.

Kompyuta mbili za kwanza za kuchorea zililetwa katika mwaka wake wa tisa. Maseremala walizitazama siku moja, siku ya pili wakazifunika kitambaa. Yeye aliomba ufunguo wa chumba. Muda wa chakula cha mchana, wenzake wakila, alikaa humo na kitabu cha maelekezo chenye unene wa tofali, akijifunza peke yake namna ya kuifanya mashine ielewe kitu kisicho na pembe. Maana kuchora sanduku hata mimi ningeweza siku ya kwanza. Shida ni shavu la birika, au bega la kiti, au kitu chochote ambacho mkono wa mtu utakishika na mwili wa mtu utakiegemea.

Kwa wenzetu wa stoo na uhasibu, ambao kila mwaka huuliza tunafanya nini humo ndani kutwa nzima, nieleze kidogo. Uso uliopinda hauchorwi mzima mzima. Unachora mistari michache kwanza, mmoja hapa, mwingine pale, kama mbavu, kisha unaiagiza programu itandaze ngozi juu yake. Mistari ikiwa mibaya, ngozi inakunjamana. Mchoraji mgeni huongeza mistari ili kurekebisha mikunjo, na kila mstari anaoongeza unaleta mikunjo mingine, mpaka anatoka jasho na uso unafanana na shuka lililolaliwa. Mama Pundamilia yeye hupunguza. Anafika mezani kwako, anafuta mistari yako sita, anabakisha mitatu, na uso unalala. Inauma sana, hasa ikiwa hiyo sita ilikuchukua siku tatu.

Anasema aliyajua hayo kwa mumewe. Mumewe ni fundi cherehani, na kwa miaka yote ya ndoa yao ameona kitambaa kinavyokataa kulala begani mpaka ukikate sawasawa. Shemeji yetu huyo alikuwa akija hapa mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe ya wafanyakazi, akiwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe. Miezi minane iliyopita alianza kuja kila siku. Asubuhi anamsindikiza mkewe mpaka getini akiwa amemshika mkono, jioni anamsubiri hapo hapo. Tuliwatania kwamba wamerudia uchumba uzeeni. Mlinzi wa getini alifika mahali pa kumuuliza mahari ilikuwa imebaki kiasi gani. Shemeji alicheka tu, na sisi tukacheka, na sasa nikikumbuka sicheki tena.

Kitu cha kwanza alichochora kwa kompyuta kilikuwa jagi la maji. Kwenye skrini lilipendeza mno. Lilipotoka kwenye kalibu, ikagundulika kwamba mdomo wake unamwaga maji kifuani kwa anayemimina. Majagi mia nne yalisagwa tena. Yeye alichukua moja, akaliweka mezani kwake, na akalitumia kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na mitano, na leso kifuani. Hapo ndipo ilipoanzia ile desturi yetu inayowashangaza wageni. Katika chumba cha kompyuta, aliyeharibu kitu hukitumia. Mchoraji wa meza ya tatu anakunywa chai kwenye kikombe ambacho kidole hakiingii kwenye mkono wake. Mkuu wa karakana, ambaye aliwahi kuchora kabla ya kupandishwa cheo, ana ofisini kwake pipa la taka linalotikisika kama meno ya mtoto wa miaka saba, na kanuni hairuhusu alitilie karatasi chini.

Mimi ninakalia kiti. Miaka saba iliyopita nilipewa kazi ya kiti cha plastiki cha shule. Kitu chenye kulia na kushoto kinacholingana hatukichori chote. Tunachora nusu, halafu tunaiambia programu iigeuze kama kwenye kioo, nusu mbili zinakutana katikati. Siri iko hapo zinapokutana. Mstari unapofika katikati lazima uingie kwa nyuzi tisini kamili. Ukiingia umeinama hata kidogo, nusu mbili zinaacha ukingo, mithili ya mgongo wa paa la nyumba. Mimi niliacha ukingo huo kwenye egemeo, juu mpaka chini, pale pale penye uti wa mgongo. Nilikuwa na haraka, nikautazama uso kwa mbali ukapendeza, nikaupeleka. Tangu siku hiyo nimekalia kiti changu, na mgongo wangu unaujua ukingo ule kama unavyolijua godoro la nyumbani. Nawaomba mkumbuke hili, kwa sababu litarudi.

Mama Pundamilia alipata jina lake kwa dawa ya ugonjwa huo. Programu ina kitufe kinachovika uso michirizi myeusi na myeupe, pundamilia mtupu. Uso ukiwa mzuri, michirizi inapita juu yake bila kusita. Penye kasoro, hata ya unene wa ukucha, inavunjika au inapiga kona. Baada ya kiti changu, aliweka sheria kwamba hakuna chuma kitakachochongwa mpaka uso uvikwe michirizi, isomwe kwa sauti kutoka juu mpaka chini, na watu wawili, mchoraji na mkaguzi, watie saini karatasi ya kijani. Sheria ya kusoma kwa sauti ilituchekesha. Aliitetea kwa kusema kwamba mtu akitazama kimya anaona anachotaka, lakini akilazimika kukitamka anakiona kilichopo. Chini ya sheria hiyo karakana imetoa kalibu mia moja na kumi na nne na haijasaga tena bidhaa hata moja. Kama umewahi kubeba ndoo ambayo mkono wake haukukata vidole, au kumwogesha mtoto kwenye beseni lililomshika shingo vizuri, huenda uliishika kazi yake.

Sasa niingie kwenye wiki mbili zangu.

Kazi yake ya mwisho ni kiti cha watoto ambao migongo yao haishiki, wale wasioweza kukaa bila kushikiliwa. Hospitali ndiyo iliyoagiza. Mama Pundamilia alienda kliniki siku tatu mfululizo na kifurushi cha waya laini. Aliukunja waya taratibu kwenye mgongo wa kila mtoto, akaulaza juu ya karatasi, akauchora kwa penseli, akaandika umri wa mtoto pembeni. Alirudi na migongo kumi na saba ndani ya mkoba. Alitusimulia kwamba akina mama pale walimwonyesha vidonda vya watoto wao, vya kukaa kwenye viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Mmoja alimwambia kwamba mwanawe hawezi kusema panapomuuma, hulia tu, na yeye humgeuzageuza akibahatisha. Mstaafu wetu si mtu wa machozi. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaanza kuchora.

Ilimchukua miezi mitano, muda mrefu kwake. Tulidhani anajipa raha kwenye kazi ya mwisho. Tulizoea pia kumwona akiitazama skrini kwa upande, kichwa amekigeuza, jicho la pembeni, na mchoraji wa meza ya tatu alisema anaiangalia kompyuta kama mke mwenza. Siku moja alipishana na mkuu wa karakana kwenye korido bila kumwamkia, na mkuu akatumia wiki nzima kujiuliza amemkosea nini. Tulikuwa na maelezo mepesi kwa kila kitu. Anastaafu miaka miwili kabla ya umri, na hilo pia tulilipa maelezo, kwamba amechoka na anataka kukaa na wajukuu.

Kwa kuwa safari hii mchoraji ni yeye, ilibidi mkaguzi awe mtu mwingine, na mkuu wa karakana akaniteua mimi kwa barua. Ndiyo barua ya kunikabidhi meza yake, kwa kweli, ila imeandikwa kwa lugha ya kiofisi ili nisishtuke. Nilishtuka. Alhamisi ya wiki mbili zilizopita tulikaa pamoja mbele ya skrini. Akabonyeza kitufe, kiti kikavaa michirizi, akaegemea nyuma, akakunja mikono.

"Nisomee," akasema.

Nilianza juu, penye kichwa. Nikashuka shingoni, mabegani, kote inapita kama maji. Nilipofika kiunoni, pale mgongo wa mtoto unapoingia ndani kidogo, mchirizi mmoja ulisita. Ulifika katikati, ukapiga kona ndogo sana, ukaendelea upande wa pili. Niliusogeza uso karibu, nikauzungusha, nikaurudisha. Kona ilikuwepo.

Nitawaambia kila kilichopita kichwani mwangu, maana ndilo agizo. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu niliyekalia ukingo kwa miaka saba, kwa hiyo naona ukingo kila mahali. Nikajiambia kwamba yeye ameketi hapo hapo, ana macho, na kama kungekuwa na kitu angekiona kabla yangu. Nikajiambia kwamba labda ananijaribu. Halafu nikajiambia lililokuwa zito kuliko yote, kwamba imebaki wiki mbili aondoke kwa heshima baada ya miaka thelathini na minne, na sitakuwa mimi wa kumwambia kosa lake ni lile lile langu.

"Inapita, Mama," nikasema. "Yote inapita."

Alisema sawa. Alitia saini yake kwenye karatasi ya kijani, akanisukumia. Nilisema nitaitia yangu baada ya chakula cha mchana, nikaiweka kwenye droo.

Karatasi hiyo ilikaa kwenye droo siku kumi na tatu. Chuma kilikuwa kimeshafika, kimefungwa kwenye mashine ya kuchonga, na siku iliyopangwa ni Jumatatu baada ya yeye kuondoka. Kila asubuhi mkuu wa karakana alichungulia mlangoni kuuliza saini, na kila asubuhi nilikuwa na jibu jipya, mara kalamu, mara tumbo. Nilijaribu kujituliza kwa kielelezo cha povu gumu tulichokuwa tumekichonga kwa majaribio, kwa ukubwa wake halisi. Mama alikwisha kukipapasa macho yakiwa yamefumbwa na kusema kimelala. Mimi pia nilipapasa, na kiganja changu hakikukuta kitu. Nilifurahi kwa saa moja hivi. Kisha opereta wa mashine, anayemwita mstaafu shangazi ingawa hawana undugu, akaniambia kwa fahari kwamba kielelezo kile alikipiga msasa mara tatu zaidi ya kawaida, kwa sababu ni cha mwisho cha shangazi na alitaka kimfurahishe. Nilikaa chini pale pale karakanani, juu ya kreti. Msasa ulikuwa umeufuta ukingo. Chuma hakitasuguliwa hivyo. Chuma kitachongwa kama mchoro unavyosema, na kila kiti kitakachotoka, kwa miaka kumi au kumi na tano, kitatoka na ukingo kwenye kiuno cha mtoto asiyeweza kusema panapomuuma.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano, yaani jana, nilifika kabla ya kiyoyozi kuwashwa. Yeye alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi na jagi lake na leso kifuani. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, pale kiunoni michirizi haipiti. Nilikudanganya."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliliweka jagi chini kwa uangalifu, akiutafuta kwanza ukingo wa meza kwa vidole, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kabla hajafungua mdomo.

"Mwanangu, mimi katikati sioni. Pembeni naona, katikati kuna doa, macho yote mawili. Miezi minane sasa. Nilikuwa naona kwa mdomo wako."

Sidhani kama nimewahi kuogopa namna ile maishani, na niliogopa kitu ambacho kilikuwa hakijatokea. Siku chache baada ya zile tatu za kliniki, daktari alimwambia kwamba hakuna miwani ya kuliondoa doa hilo, na kwamba litaongezeka. Aliandika barua ya kustaafu wiki ile ile. Lakini migongo kumi na saba ilikuwa ndani ya mkoba wake, na alihofia kwamba akisema, kazi itachukuliwa mikononi mwake na kupewa mtu ambaye hakuwaona wale watoto. Basi akachora kwa jicho la pembeni, kwa kiganja, na kwa kunisikiliza. Alihesabu kwamba nikimsomea kweli, itatosha. Hesabu ilikuwa sahihi isipokuwa sehemu yangu.

Nilianza kuomba msamaha, nikaomba mara tatu au nne, mpaka akanikatiza.

"Mimi nimeficha macho, wewe umeficha mstari. Tusishindane. Fungua mchoro."

Kabla ya kuufungua alimpigia simu mkuu wa karakana, akamwomba aje, akamweleza yote mbele yangu bila kujipunguzia. Alisema alikosea kunyamaza, na kwamba angejua mchoraji mwingine amefanya hivyo angemfukuza chumbani. Mkuu aliagiza kalibu mbili alizozikagua yeye katika miezi hiyo minane, kifuniko cha dumu na beseni, zikaguliwe upya na mchoraji wa meza ya tatu. Zilikutwa nzima, kwa kuwa zilichorwa na wengine na mimi nilimsomea kweli bila aibu. Wengine siwaheshimu vya kutosha kuwadanganya, nadhani ndivyo ilivyo, na wenye vikombe vibovu mnisamehe.

Kisha tulifanya kazi. Nilishika kipanya, yeye aliketi na macho amefumba. Aliniuliza uso unasita wapi, kwa kipimo, nikamwambia. Akafikiri, akasema tazama mstari wa tatu kutoka chini, pale unapoingia katikati. Niliutazama. Uliingia kwa nyuzi themanini na nane. Alikuwa ameuvuta kwa mkono badala ya kuufunga kwenye tisini, kwa sababu kitufe cha kufunga kiko katikati ya skrini na alikuwa hakioni tena. Nilifunga. Alisema futa na mstari wa nne, ulikuwepo kwa ajili ya kumsaidia wa tatu, sasa hauna kazi. Nilifuta. Ngozi ilijitandaza upya.

Tukavika michirizi. Nilisoma kutoka kichwani, na safari hii sikusoma kwa haraka. Kila mchirizi niliutaja unakotoka na unakokwenda. Nilipofika kiunoni nilizungusha uso kushoto, kulia, chini, karibu mpaka pua inagusa skrini. Yeye alisubiri. Nilimwambia inapita. Aliniuliza kama ninamwambia mchoraji mwenzangu au ninamwambia Mama Pundamilia anayestaafu. Nilimwambia ninawaambia wale watoto kumi na saba. Akacheka kidogo, akaomba karatasi mpya ya kijani. Nilimwekea kidole chake penye nafasi ya mchoraji, akatia saini. Nami nikatia yangu chini yake.

Bado nina wasiwasi. Nimeufungua mchoro ule mara sita tangu jana. Jumatatu mashine itakapoanza kukata chuma nitakuwa nimesimama pembeni na nadhani sitakula kitu. Nilimwambia hivyo, nikitegemea atanipoza. Alisema vizuri, baki hivyo hivyo, na siku wasiwasi ukiisha nimpishe mtu mwingine meza.

Imebaki desturi. Aliyeharibu hukitumia, na mstaafu amekataa kusamehewa. Kamati ya sherehe ilikwisha nunua saa ya ukutani. Ameomba saa apewe mlinzi wa getini, na yeye achongewe kipande cha povu kutoka kwenye mchoro wa zamani, wenye kasoro, bila kupigwa msasa hata mara moja. Opereta amekichonga asubuhi hii, uso umenuna. Ni egemeo la mtoto, kwa mtu mzima linafika kiunoni tu, pale pale penye ukingo. Mumewe amepima, atalishonea mfuko wa kitambaa wenye kamba za kufungia kwenye kiti chao cha kibarazani.

Mimi kosa langu halikutoka kwenye kalibu, halikaliki wala halinywewi. Tulilijadili. Mama Pundamilia akaamua kwamba mimi nililoharibu ni maneno, basi nitatumia maneno. Niliandike lote, kama lilivyokuwa, kwenye kijitabu hiki ambacho kila mfanyakazi atapewa mlangoni, na wageni, na mke wangu, na wakwe zangu ambao tayari nilikuwa nimewaalika. Ndiyo maana wasifu huu umerefuka, na ndiyo maana mwandishi wake Ijumaa atakaa safu ya nyuma. Hiki ndicho kiti changu cha pili.

Katibu muhtasi ameusoma na amesema haukuwa uchangamfu aliouomba, lakini haondoi hata neno moja. Ametaka tu nimalizie kwa shukrani, kama inavyopasa.

Mama, kwa niaba ya chumba cha kompyuta, karakana, stoo, uhasibu na getini, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa mistari yetu yote uliyoifuta. Tunakuombea afya, baraza lenye upepo, wajukuu wasiokukimbia, na shemeji wa kukushika mkono asubuhi na jioni, sasa tukijua kwa nini. Tutakuja kukutembelea, na tutajitambulisha kwa sauti kabla hatujafika karibu. Ukituuliza chochote, iwe kimekaaje, kimepinda wapi, kimefikia wapi, tutakisoma kutoka juu mpaka chini na kukwambia tunachokiona.